Tundu la Nyuma ya Benki

Miezi michache iliyopita alinijia kijana mmoja mwenye kamera shingoni, akasema anaandika historia ya majengo ya zamani ya Eastlands, Nairobi, kabla hayajabomolewa yote. Alikuwa ameambiwa kwamba nilikulia Ziwani, na kwamba marehemu baba yangu alikuwa tarishi katika ile benki ya mawe iliyosimama mwisho wa safu ya maduka ya Wahindi. Nilimkaribisha, nikampa chai, nikamweleza niliyoyakumbuka. Alifurahi sana kuhusu mlango. Kisha akanitolea picha ya ukuta wa nyuma, ule unaotazama kichochoro, akaweka kidole juu ya kibamba cha chuma chenye matundu, juu kabisa karibu na paa. Alisema hilo ni tundu la hewa, na kwamba ni nadra kulikuta katika ukuta mnene namna ile. Akauliza kama najua lolote kulihusu.

Nilimwambia sijui. Akashukuru, akaenda zake, nami nikabaki natazama kikombe alichonywea. Nyinyi mliokua wakati mmoja nami mtaelewa kwamba kuna jambo ambalo huwezi kumpa mtu akaliandike pamoja na habari za vigae.

Baba alitoka Machakos akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza na ya pekee mjini ilikuwa katika jengo lile. Alibeba barua, alipanga mafaili, alichemsha chai ya meneja, na asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia. Alivaa kaki iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Siku za Jumamosi benki ilifungwa saa sita, kisha Baba akabaki kupiga polishi sakafu, na mara nyingi alinichukua nikamsaidie.

Mtu mwingine angeona pale ni kazini tu. Baba aliona jengo. Alilijua kama wengine wanavyomjua ng'ombe wao, kila doa na kila kovu. Aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja Kalasinga, fundi aliyechonga mawe yale akiwa mwanafunzi wa kazi, ambaye uzeeni alikuwa akirudi mara moja moja kutazama vigae vinavyovuja. Baba alimshikia ngazi, na mzee akamwambia kila kitu. Mawe yaliletwa na mikokoteni ya ng'ombe kutoka machimbo ya Njiru, yakachongwa pale pale kwa nyundo na patasi. Vigae vya paa vilitoka Mangalore, kule India, kwa meli. Mlango ulikuwa wa mvule, mbao mbili zilizohitaji wanaume sita kuzisimamisha. Juu ya mlango palikuwa na kovu kubwa jeupe jeupe, na kwa muda mrefu nilidhani ni uso wa mtu asiye na macho, mpaka Baba aliponieleza kwamba palikuwa na taji la mfalme wa Waingereza, likabanduliwa nchi ilipopata uhuru.

Ubavuni alinionyesha dirisha lililozibwa kwa matofali. Zamani, alisema, Mwafrika hakukanyaga sakafu ile. Alisimama nje juani, akanyoosha mkono kupitia dirisha hilo. Alinieleza haya akiwa amepiga magoti na kitambaa mkononi, anang'arisha sakafu hiyo hiyo, bila uchungu wowote sautini. Nadhani alijiona ameshinda.

Chumba cha hazina kilikuwa nyuma. Kilikuwa na mlango wa chuma wa kijani, wenye gurudumu, uliofunguliwa kwa funguo mbili, moja ya meneja na moja ya keshia. Swichi ya taa ilikuwa nje. Kuta zake zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu wote. Baba aliniambia kwamba ukuta wa nyuma ndio uliomuua Musyoka. Huyo alikuwa kibarua aliyetoka kijiji kimoja na babu yangu. Jiwe lilichomoka kwenye kamba likamponda, kazi ikasimama nusu siku, kisha ikaendelea, wala jina lake halikuandikwa popote. Baba aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole.

"Musyoka yumo humu," akasema.

Alimaanisha jasho lake, nguvu zake. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na niliyachukua maneno jinsi yalivyo. Baba yangu mdogo, Mutua, alikuwa akiishi Baba Dogo, na kwa miaka nilidhani mtaa mzima umeitwa kwa ajili yake. Basi nilielewa kwamba Musyoka aliachwa pale alipoanguka, wakamjengea juu, na kwamba bado yumo, amesimama katikati ya mawe.

Jumamosi hiyo ninayoisimulia sikwenda na Baba. Mama alinituma kusaga mahindi, na foleni kwenye mashine ya posho ilikuwa ndefu. Baba hakurudi jioni. Mama hakushtuka. Mwisho wa mwezi Baba alikuwa na desturi ya kupitia kwa Mutua, ambaye alifanya kazi kiwandani, wakanywa, akalala huko. Mama aliweka chakula chake kando, akasema maneno mawili matatu kuhusu Mutua ambayo siwezi kuyaandika, tukalala.

Jumapili nilikwenda kanisani na gauni langu la buluu. Tulipotoka niliachana na wenzangu nikapita kichochoro cha nyuma ya benki. Nilikuwa nimekatazwa, kwa sababu ya chupa zilizovunjika na wanaume waliojificha mle kucheza karata, lakini nilipenda kupita karibu na mahali pa Baba. Siku hiyo hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa la saa saba, kali, na ukuta ulikuwa unatoa joto.

Nilisikia mlio wa kugonga. Mara tatu, kimya, kisha mara tatu tena. Ulikuwa mdogo sana, kama mtu anayegonga na kijiko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikasimama. Nilitazama mbele na nyuma, nikaona ukuta tu. Kisha ikaja sauti kutoka juu. Haikuwa sauti ya mtu ninayemjua. Ilikuwa imekwaruzika, kavu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Ilisema jina langu.

"Mumbua."

Nikainua kichwa kutazama juu. Ikaniita mara ya pili, na hapo nikageuka. Nilikimbia hivi kwamba nilipotokea barabarani nilikuwa karibu kumgonga askari wa benki aliyekuwa amezunguka kutafuta kivuli. Nyuma yangu niliisikia ikiita tena. Labda ilisema na mengine. Mimi sikuwa pale kuyasikia.

Sikumwambia mtu. Atieno, binti wa mfanyakazi wa reli aliyepakana nasi, alikuwa ametufundisha kwamba maiti akikuita usiitike, na ukishatoka hapo usimsimulie mtu, kwa maana ukisimulia unamwonyesha njia ya kwenu. Atieno alikuwa ananizidi mwaka mmoja na nilimwamini kuliko mwalimu. Mama aliponiuliza mbona nahema, nilisema tulikuwa tunashindana mbio.

Jioni, kabla ya giza, Mutua alifika peke yake. Alikuja kumuuliza Baba kuhusu safari ya Machakos. Mama alikuwa anakata sukuma wiki. Akakiweka kisu chini. Aliuliza kama Baba yuko nyuma yake. Mutua akasema hajamwona tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango, na nilimwona mama yangu akibadilika uso. Walitoka wakaenda kumtafuta, kwanza benki, ambako askari aliwaambia hakuna mtu ndani, kisha kituo cha polisi, kisha hospitalini. Mimi niliachwa kwa akina Atieno. Ningeweza kusema wakati ule. Wala sikufikiria. Katika akili yangu Baba aliyepotea na Musyoka aliyeniita walikuwa mambo mawili tofauti kabisa, na hilo la pili nilikuwa nalificha kwa ajili ya kuilinda nyumba yetu.

Jumatatu asubuhi meneja na keshia walifungua hazina wakamkuta Baba sakafuni.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumamosi, dakika chache kabla ya saa sita, alitumwa kupeleka mafaili ya zamani kwenye rafu ya mwisho, nyuma ya kabati. Alikuwa amechutama huko wakati keshia, aliyekuwa na haraka ya kuwahi harusi, aliposukuma mlango. Meneja akageuza ufunguo wake, keshia wake, taa ikazimwa. Baba alipiga kelele hadi sauti ikamwisha. Askari wa zamu ya asubuhi alikuwa anaondoka, wa mchana akadhani tarishi ameshakwenda nyumbani.

Kilichomwokoa ni yule mzee Kalasinga. Alikuwa amemwonyesha Baba, miaka mingi nyuma, mahali alipoacha tundu la hewa ili nyaraka zisioze, ukubwa wa ngumi ya mtoto kwa ndani, limefunikwa kwa kibamba cha chuma kwa nje. Mwaka uliotangulia mafundi wa rangi waliliziba kwa lipu kwa sababu lilionekana baya. Baba alipanga mafaili kama ngazi gizani, akapanda, akapapasa ukuta mpaka akapapata, akaanza kukwangua kwa kifungo cha mkanda. Ilimchukua mchana wote uliobaki na usiku wake. Kucha zake nne ziling'oka. Asubuhi ya Jumapili alipata hewa, na mwanga mwembamba, na kipande cha kichochoro.

Ningetaka kuwaambia kwamba walimkumbatia. Walimpa maji, kisha wakaita polisi. Keshia alisema kwamba kabla ya kufunga alichungulia ndani, akauliza kwa sauti kama kuna mtu, hakujibiwa. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi na watoto, na kama si hivyo kosa lingekuwa lake. Lakini neno hilo lilipokwisha kutamkwa, yote yaliyobaki yalijipanga nyuma yake. Tarishi alijificha. Tundu lile alilitoboa ili apitishe vitu kwa mwenzake aliye nje. Hakuna kilichokuwa kimepotea, na hilo nalo likaelezwa: alikuwa bado hajapata nafasi.

Mama alirudi kutoka kituoni Jumanne mchana akanieleza Baba alikuwa amefungiwa wapi. Alisema tu, chumba cha nyuma, upande wa kichochoro. Sikungoja amalize. Nilielewa papo hapo nani aliniita.

Nilimwambia yote. Alikuwa ameingiza mikono kwenye karai la nguo, na aliiacha humo muda wote nilipokuwa nasema. Hakunipiga. Alisimama, akavaa leso, akasema twende tukawaambie, kwa sababu mwizi aliyejificha habishi hodi wala haiti watu. Tulikuwa tumeshafika kwenye bomba la maji la mtaa tulipokutana na Mutua anakuja. Alikuwa na habari. Askari wa benki alikuwa ameandikisha kwamba Jumapili mchana alimwona msichana mwenye gauni la buluu akitoka mbio kichochoroni, na sasa makarao wa kituoni walikuwa wanamtafuta. Walisema huyo ndiye aliyetumwa kupokea.

Mama alinishika mkono tukageuka. Nyumbani alilitoa gauni langu sandukuni akalichana vipande, polepole, mshono baada ya mshono, akafanya matambara ya kusugulia sufuria.

"Ukisema ulimsikia," aliniambia, "watauliza alikupa nini. Hukuwa pale. Umesikia? Hukuwa pale."

Nilisema nimesikia. Mara nyingi nimejaribu kuamua kama alifanya vibaya. Nina watoto sasa, na wajukuu wawili, na bado sijaamua. Alikuwa na watu wawili wa kuokoa, akaona anaweza kumwokoa mmoja.

Kesi haikuchukua muda. Mama hakunipeleka, Mutua ndiye aliyetusimulia. Baba alieleza jinsi alivyofungiwa, jinsi alivyogonga na kuita. Mwendesha mashtaka akauliza, kama aliita kwa sauti hiyo yote, mbona hakuna aliyesikia. Baba akasema ukuta ni mnene. Kisha hakimu mwenyewe akamwuliza kama, kupitia tundu lile, alimwona mtu yeyote kichochoroni Jumapili. Mutua alisema hapo Baba alinyamaza muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Halafu akajibu kwamba aliona ukuta wa pili tu.

Alifungwa miaka mitatu.

Nyumba ya Ziwani ilitutoka. Tulihamia chumba kimoja Kiamaiko, karibu na machinjio, mahali ambapo mbuzi walilia kuanzia alfajiri na maji ya mfereji yalipita mekundu mlangoni. Mama aliwafulia watu. Mimi nilikwenda shule, nikawa mtoto asiyecheza. Nilikuwa na imani moja iliyonishikilia: kwamba Baba hakuniona. Alikuwa ameapa, akasema aliona ukuta tu, na Baba hakuwa mtu wa kusema uongo. Kama hakuniona, basi aliita jina langu kwa kubahatisha tu, kama mtu anavyowaita watu wake akiwa na homa. Nililala na imani hiyo miaka mitatu.

Alirudi amekonda, anakohoa, na kucha zilizoota upya zikiwa zimepinda. Hakuna ofisi iliyomtaka. Alipata kibarua cha kuosha meza za wachinjaji, yeye aliyekuwa akipitisha kitambaa juu ya mvule kana kwamba ni shavu la mtu. Hakulalamika. Aliwasalimu majirani, alizungumza na Mama habari za shamba, alicheka kidogo Mutua alipokuja. Na mimi alinitendea vizuri. Alinikagulia madaftari, alinitengenezea kiti. Lakini alikuwa ananizunguka kama mtu anavyozunguka kitu cha moto. Nikiingia chumbani alikuwa anapata sababu ya kutoka. Nilidhani ni jela iliyomfanya hivyo.

Ilipita miaka mingine mitatu kabla sijaweza kumwambia. Nilikuwa kidato cha kwanza, likizo, Jumapili baada ya chakula. Baba alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe la Mama kwa kisu. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye magoti yake. Nilisimama mbele yake, nikasema kwamba mtoto aliyeonekana anakimbia alikuwa mimi.

Kisu hakikusimama. Alisema, "Najua."

Nilimwuliza anajuaje.

"Nilikuona. Nililijua gauni, nikakujua wewe." Alipuliza vumbi kwenye mpini. "Nilikuita. Ukainua kichwa, ukatazama juu, kisha ukakimbia."

Nilianza kulia, na katika kulia nikaanza kueleza ovyo ovyo, Atieno, maiti wanaoita watu, Musyoka. Akaniuliza Musyoka gani. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliwahi kuniambia. Ilibidi nimweleze yeye hadithi yake mwenyewe, lile jiwe, ile kamba, na jinsi alivyogonga ukuta akaniambia yumo humu, na jinsi nilivyoamini. Nilimwambia sauti ile haikuwa yake. Nilimwambia kama ningejua ni yeye ningeparamia ukuta kwa meno.

Ndipo kisu kikasimama. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi.

"Kwa hiyo hukunikimbia mimi," akasema.

Miaka sita yote, Baba alikuwa ameamini kwamba mwanawe alimsikia, akamjua, akamwacha humo. Kwa nini mtoto afanye hivyo hakuwahi kuelewa. Alifikiri labda nilikuwa nimesikia watu wazima wakisema jambo baya juu yake, au kwamba mtoto naye ana moyo wake. Na akiamini hivyo alisimama mbele ya hakimu akasema aliona ukuta tu.

Alimwita Mama atoke ndani. Akaniambia nirudie, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Nilirudia. Mama alikaa chini kwenye udongo na kanga yake safi ya Jumapili, akafunika uso kwa viganja viwili, na hatukusikia kama analia au anasali. Baba hakumgusa, hakumlaumu. Aliokota mpini, akautazama kama umenyooka, akauweka kando.

Aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya siku hiyo, kifua kilimmaliza. Lakini jioni ile ya Jumapili tulikaa watatu pale nje mpaka mbuzi wa jirani wakarudishwa zizini. Nilikuwa nimezoea anavyoniita, "wewe", au "mtoto", au bila neno lolote, akinyoosha kidole tu. Nilikuwa sijatambua ni tangu lini.

"Mumbua," alisema, "niletee maji ya kunawa."